Randa ya unene kutoka Australia, bamba limefutika: nitajuaje nani aliiunda na mwaka gani?

Atelie_Katuba (Lubumbashi)

Wayaya na ndugu, salamu. Kwenye atelie yetu hapa Katuba kuna randa ya unene (mashine ya kuranda mbao iwe na unene mmoja) iliyoingia kwa njia ya Kasumbalesa pamoja na vyuma vingine vya mnada. Mwili wote ni chuma cha kusubu, upana wa visu ni 406 mm. Mota imekaa chini ndani ya mwili na inazungusha mhimili wa visu kwa mikanda mitatu ya V. Bamba la shaba ubavuni limesuguliwa hata linang'aa. Yaliyobaki ni haya: mstari wa juu «...BROS. PTY. LTD.», wa kati hausomeki kabisa, wa chini «...GWOOD, N.» halafu shimo la msumari pale palipokuwa na tarakimu. Kwenye kona pamegongwa «PAT.» na namba yake haionekani. Mota ina bamba lake zima: 5 H.P., 415 V, 50 cycles, 3 phase, Made in Australia.

Natafuta jina la kiwanda na mwaka wa mashine, ili nipate mchoro wa sehemu za kusukuma mbao. Rola ya nyuma imekwisha na sijui kama ilikuwa laini au ya meno. Nimeandika «Australian jointer planer» kwenye intaneti, zinakuja mashine za Marekani na Taiwan tu. Nianzie wapi? Na kweli Australia waliunda mashine hizi wenyewe, au walibandika bamba lao juu ya chuma cha Uingereza?

MzeeRanda (Lubumbashi)

Mwanangu, acha intaneti kwanza, uliza chuma chenyewe. Bamba linaweza kuwa la muuzaji. Chuma cha kusubu hakina sababu ya kukudanganya.

Usiguse tena lile bamba kwa brashi ya waya wala kwa dawa ya kung'arisha shaba. Herufi za bamba kama hilo huchorwa kwa asidi, kina chake ni kama unene wa karatasi, na kung'arisha ndiko kulikofuta mstari wako wa kati. Osha kwa mafuta ya taa na mswaki laini, kausha, pakaza unga wa chaki, kisha futa juu juu kwa kidole ili unga ubaki kwenye mifereji. Zima taa za ndani usiku, shika tochi ubavuni kabisa, karibu ilale juu ya bamba, upige picha. Zungusha tochi pande zote nne, picha moja kila upande. Herufi ambayo haionekani mwanga ukitoka juu inaweza kujitokeza kivuli kikitoka kushoto. Jaribu pia karatasi nyembamba na penseli laini, kama watoto wanavyochapa sarafu.

Namba ya mashine mara nyingi haiko kwenye bamba. Tafuta mahali palipochongwa pakawa laini: kichwa cha meza upande mbao inapoingilia, kichwa cha mhimili wa visu, uso wa kofia za beringi, na pale mwili unapokutana na kifuniko cha juu. Ondoa rangi kwa kikwaruzi cha mbao au kwa dawa ya rangi. Grainda usiipeleke hapo. Namba iliyogongwa kwa nyundo ni ya mashine yako peke yake. Namba iliyoinuka, iliyotoka na kusubu, ni ya kielelezo cha mbao kilichotumika kwenye mchanga wa kiwanda cha kusubu, na mashine zote za aina hiyo zinayo. Ukiiona kwenye picha ya mashine nyingine yenye bamba zima, umempata muundaji. Ndiyo maana naipenda kuliko bamba.

Halafu bolti. Chukua kitana cha kupimia nyuzi, usikisie kwa macho. Tafuta bolti ya nusu inchi (12.7 mm) ambayo haijawahi kubadilishwa, kwa mfano zile zinazoshika beringi. Ukihesabu nyuzi 12 kwa inchi, hiyo ni Whitworth, kipimo cha Waingereza ambacho Australia walikitumia hadi wakahamia kwenye mita miaka ya 1970. Nyuzi 13 ni kipimo cha Marekani. Usitumie bolti ya robo inchi wala ya 3/8 kwa kazi hii, kwa sababu hapo mifumo yote miwili ina idadi moja ya nyuzi (20 na 16), na tofauti iko kwenye pembe tu, digrii 55 kwa 60, ambayo jicho halioni. Ukikuta M12 (bolti ya milimita 12) kwenye sehemu za asili, mashine ni ya baada ya mabadiliko ya mita, au kuna mtu amekata nyuzi mpya ndani ya tundu.

Beringi nazo zinasema. Pima shafti mahali beringi inapokaa. Ikiwa ni 25.4 mm, beringi yake ni ya inchi: 25.4 × 57.15 × 15.88 ni ya mfululizo mwepesi (LJ1 au RLS8), 25.4 × 63.5 × 19.05 ni wa kati (MJ1 au RMS8). Fundi wengi hapa wanalazimisha 6305 yenye tundu la 25 mm kwa kupiga msasa shafti. Inaingia, ndiyo, lakini msasa hautoi duara kamili. Beringi inapata joto, na kisu kinaacha mawimbi kwenye mbao ambayo hakuna kunoa kutakakoyaondoa. Agiza ile ya inchi, bado zinaundwa.

Mwisho, tazama umbo la mhimili wa visu. Ukiwa wa mraba, visu vimebanwa kwa bolti juu ya nyuso bapa, ni mashine ya kizazi cha zamani sana. Uingereza ilidai mhimili wa duara kwenye randa za kusukuma kwa mkono tangu kanuni za 1922, kwa sababu ule wa mraba unaacha pengo kubwa linalomeza vidole. Wako bila shaka ni wa duara, maana mikanda ya V na mota ndani ya mwili ni mpango wa baadaye kuliko ule wa mkanda bapa kutoka shafti ya darini.

Fundi_Ruashi

Rahisi tu ndugu, ukipata hiyo namba ya mashine andikia kiwanda, watakupa mwaka na mchoro.

Nyaraka_Bukavu (Bukavu)

Ndugu wa Ruashi, kwa Wadkin wa Leicester, kiwanda cha Uingereza, njia hiyo ilikuwa na maana, kwa mashine hii sidhani. Viwanda vingi vya Australia vya mashine za mbao vilikuwa vidogo, vya familia, kama hilo neno «Bros.» linavyosema. Vilikingwa na ushuru wa forodha kwa miongo mingi. Serikali ilipokata ushuru wote kwa asilimia 25 mara moja, tarehe 18 Julai 1973, na mashine za Taiwan zikaanza kuingia kwa bei ya chini, vingi havikuhimili. Kiwanda kikifungwa, daftari za namba hupotea. Historia yao inabidi ikusanywe vipande vipande.

Atelie_Katuba, bamba lako limesema mengi kuliko unavyodhani. Tusome pamoja.

«Pty. Ltd.» ni kampuni ya watu wachache isiyouza hisa kwa umma. Jimbo la Victoria lilianzisha aina hii kwa sheria ya 1896, kwa hiyo haikusaidii sana kupata mwaka. Lakini «N.» ni dhahabu. Melbourne iligawanywa kwa herufi na namba za posta mwaka 1928: N. kaskazini, S. kusini, E. mashariki, W. magharibi, C. katikati. Mfumo huo ulikoma mwaka 1967 zilipoanza namba za posta za tarakimu nne nchi nzima. Kwa hiyo bamba lako liliundwa kati ya 1928 na 1967, au kidogo baadaye ikiwa walikuwa wanamaliza mabamba ya zamani.

Na «...GWOOD»? Vitongoji viwili vya Melbourne vinaishia hivyo: Ringwood na Collingwood. Ringwood iko mbali mashariki, haiwezi kuwa N. Collingwood iko kaskazini mashariki kidogo tu ya katikati ya mji, na ilijaa viwanda. Tayari una mtaa, una miaka isiyozidi 40, na una «Bros.».

Sasa ingia Trove, hazina ya magazeti ya Maktaba ya Taifa ya Australia, ni bure. Kosa lako la kwanza ni maneno. Waaustralia hawasemi «jointer». Randa ya kunyoosha wanaiita «buzzer», au «surface planer» kwenye matangazo rasmi. Randa ya unene kama yako ni «thicknesser» au «panel planer». Msumeno wa meza ni «saw bench», wa kukata vipande ni «docking saw», mashine ya pande nne ni «four-sider». Ukikuta «breast bench» uko kwenye habari za kuchana magogo, siyo za atelie.

Anza na hili: `"woodworking machinery" Collingwood Bros`, chagua jimbo Victoria, kisha bana miaka kumi kumi: 1930 hadi 1939, 1940 hadi 1949. Magazeti mengi ya Trove yanaishia 1954 kwa sababu ya haki za uchapishaji. Argus ya Melbourne inafika 1957, mwaka ilipofungwa. Baada ya hapo usitegemee magazeti, na usihitimishe kwamba kiwanda kilikufa 1954 eti hakitajwi tena. Kosa hilo limejaa kwenye historia nyingi za viwanda zilizoandikwa kwa haraka.

Usisome habari kubwa kwanza. Soma matangazo madogo:
- nafasi za kazi («fitter» ni fundi wa kuunganisha, «moulder» ni wa mchanga wa kusubu, «patternmaker» ni mchonga vielelezo) hutoa anwani kamili ya kiwanda, na zikirudiwa mwaka baada ya mwaka unajua lini walihama. Wakitafuta patternmaker, basi wanasubu vyao au wanaagiza kusubiwa kwa vielelezo vyao. Hao ni waundaji;
- mnada wa atelie iliyofungwa hutaja mashine moja moja kwa jina la muundaji na ukubwa kwa inchi. Tafuta 16 in., maana 406 mm ndiyo hiyo;
- tangazo la wakala. Duka likitajwa kama «agents for», siyo muundaji.

Kompyuta iliyosoma gazeti hukosea herufi: «m» inakuwa «rn», «e» inakuwa «c», O inakuwa sifuri. Jaribu jina na makosa yake. Na Trove hukuongezea maneno yanayofanana hata usipoomba. Ukitaka neno lile lile, tanguliza `fulltext:` mbele yake. Kuhifadhi mega, soma maandishi ya pembeni, picha ya ukurasa mzima ifungue pale tu umepata.

Ukishapata jina, nenda kwenye daftari za anwani za Sands & McDougall. Maktaba ya Jimbo la Victoria imeweka kwenye intaneti matoleo ya baadhi ya miaka, toka 1860 hadi 1974. Zina sehemu tatu: kwa mtaa, kwa jina, kwa kazi. Fuata mtaa, nyumba kwa nyumba. Ukikuta mwaka huu nyumba ile ina jina jingine la mashine, huenda kampuni iliuzwa na jina likabadilika, na hapo ndipo unapata mrithi aliyebaki na michoro. Kampuni ikifilisika au ikijifunga, tangazo huwa kwenye Gazeti la Serikali la Victoria, ambalo limewekwa lote mtandaoni toka 1836 hadi 1997. Mafaili ya kampuni zilizokufa yako kwenye hifadhi ya nyaraka za jimbo huko North Melbourne, na orodha yake unaweza kuipekua ukiwa hapa.

Kuhusu «PAT.», yaani hataza (haki ya mvumbuzi), usiishike kama neno la mwisho. Ofisi ya hataza ya shirikisho ilianza kazi 1904, na hati zake zinatafutwa kwenye intaneti. Kwa hati za zamani namba ndiyo ufunguo, jina peke yake mara nyingi halitoshi, kwa hiyo ile picha ya tochi aliyosema Mzee ni ya lazima. Bila namba, jaribu Espacenet, tovuti ya kutafuta hataza za nchi nyingi: nchi AU, darasa B27C, ndilo la kuranda na kuchonga mbao (B27B ni misumeno), miaka 1928 hadi 1967. Kisha rudia kwa GB. Hataza ikitokea ni ya Uingereza peke yake, swali lako la mwisho linaanza kujibika.

Kuran_Kampemba (Lubumbashi)

Naongeza upande wa umeme, maana naona hatari mbele.

Kwanza kwa historia: «cycles» na H.P. badala ya Hz na kW zinaonyesha mota ya kabla ya mabadiliko ya mita, na 50 inakubaliana na Melbourne. Ingekuwa 40 ingekuwa imetoka Perth, ambako walikuwa na mizunguko 40 hadi miaka ya 1950. Lakini mota haitoi mwaka wa mashine. Mota huungua na kubadilishwa. Tazama miguu yake: matundu ya ziada kwenye kiti, au vipande vya chuma vilivyowekwa chini kuinua shafti, ni dalili siyo ya asili. Rangi ya kiwanda chini ya miguu ikiwa safi na umbo lake linafanana na miguu hiyo hiyo, ni ya asili.

Sasa nyaya. Kwa Waaustralia wa zamani fezi tatu ni nyekundu, nyeupe na buluu, nyutro ni nyeusi, ardhi ni kijani. Kwetu buluu ni nyutro. Fundi wa hapa akifungua boksi na kuunga buluu ya mashine kwenye nyutro ya SNEL (shirika letu la umeme), mota itanguruma, itavuta ampere nyingi na kuungua, au itawaka bila nguvu na yeye atalaumu kapasita ambayo haipo. Na ile nyeusi ataichukua kuwa fezi. Vua rangi zote akilini, pima kwa mita kutoka kwenye vituo vya mota hadi swichi, ubandike alama mpya kabla ya kuwasha.

Mota ya 415 V kwenye 380 V yetu itazunguka, mizunguko 50 ni ile ile. Ila nguvu ya kusokota hushuka kwa mraba wa volti: 380 gawa kwa 415 ni 0.916, mraba wake 0.84. Umepoteza asilimia 16 wakati wa kuanza na kwenye mbao ngumu. Kwa mzigo ule ule ampere zinapanda karibu asilimia 9. Usipandishe relei ya joto (ile inayokata umeme mota ikizidiwa) juu ya ampere zilizoandikwa kwenye bamba ili isikatike. Punguza kina cha kukata, 2 mm badala ya 3 kwenye mbao pana, na pima ampere mbao ikiwa ndani.

Kontakta ya asili, ile swichi inayofungwa na koili, ndiyo itakayokusumbua zaidi. Koili ya 415 V imehakikishwa kufunga hadi asilimia 85, yaani 353 V. Jioni kuran (umeme) ikishuka chini ya hapo kontakta inatetemeka, ncha zinachomeka, mota inapata fezi mbili. Badilisha koili iwe ya 380, lakini kontakta ya zamani itunze, bamba lake pia ni ushahidi.

Atelie_Katuba

Asanteni sana, Mungu awabariki. Matokeo ya leo:

Bolti za kofia za beringi ni 12.7 mm, nyuzi 12. Shafti pa kukalia beringi ni 25.4. Mhimili ni wa duara, visu vitatu. Miguu ya mota inakaa juu ya vipande viwili vya chuma vya 10 mm vilivyochomelewa, na kuna matundu manne ya zamani yaliyozibwa. Ndani ya mwili, upande wa mikanda, nimekuta herufi zilizoinuka: «T 16» na chini yake «3». Namba kama hiyo, «T 16» na «7», iko kwenye kifuniko cha juu. Kwenye kichwa cha meza pamegongwa tarakimu tatu. Kwa tochi, mstari wa kati umetoa herufi mbili tu, «...EN». Namba ya hataza bado haijajitokeza. Na chini ya rangi ya kijani kuna alama kama mshale mfupi kati ya D mbili. Ni ya kiwanda?

Nyaraka_Bukavu

Hapana ndugu, huo mshale kati ya D mbili ni alama ya mali ya jeshi la Australia. Mashine ilinunuliwa na serikali, na kwa karakana za jeshi wakati mkubwa wa manunuzi ulikuwa vita ya 1939 hadi 1945. Bana utafutaji wako 1938 hadi 1946 kwanza. Tangu 1940 serikali yao ilikuwa na idara maalumu iliyogawa kazi ya kuunda mashine kati ya viwanda. Vita ilipokwisha vifaa vya ziada viliuzwa kwa mnada, kwa hiyo ongeza pia `disposals` na `thicknesser` kwa miaka 1945 hadi 1949. Orodha za mnada hutaja muundaji.

MzeeRanda

Na «T 16» yenye 3 na 7 ni namba za vielelezo: T huenda ni thicknesser, 16 ni inchi, 3 ni mwili, 7 ni kifuniko. Waliohesabu sehemu zao hivyo walikuwa na mashine nzima yao wenyewe. Aliyebandika bamba tu angekuta namba za mtu mwingine. Linganisha na picha za randa za Wadkin na za Thomas Robinson wa Rochdale, uone kama kuna herufi na mpangilio kama huo. Usipouona, jibu lako linaegemea Collingwood. Angalia usichanganyikiwe na wauzaji wakubwa kama McPherson's wa Melbourne, walioanza 1860 na biashara ya chuma. Hao waliuza vya wengine na pia waliunda vya kwao.

Rola: safisha mwanzo wa shafti yake, pale inapoingia kwenye kiti. Ya mbele ya randa hizi huwa na meno ili ishike mbao ambayo haijarandwa, ya nyuma huwa laini isichubue uso uliokwisha kurandwa. Pima urefu wa 406 na kipenyo kilichobaki kwenye ncha ambazo mbao haifiki, hapo hapajalika. Hicho ndicho kipenyo cha asili, na kikitoka kama 63.5 au 76.2 utajua ni inchi mbili na nusu au tatu. Mpe mchongaji namba hiyo, chuma cha wastani kinatosha. Rola ya nyuma ikae chini ya duara la visu kwa nusu milimita hivi. Ikiwa juu kuliko hapo mbao inasimama katikati, ikiwa chini sana inaacha alama ya kubana.

Atelie_Katuba

Ncha ya rola ni 76.1. Nimeanza na `thicknesser disposals 1946`, Victoria. Kuna minada kumi na minne kwenye ukurasa wa kwanza, mitatu imetaja 16 in. Nasoma moja moja nikitafuta jina linaloishia na «EN».